Mchango wa Mbwa wa Acom

Malori yalikuwa yamelala foleni kando ya barabara ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, tangu jana yake. Madereva walishuka, wakanawa uso kwa maji ya madumu, wakaanza kutafuta chai. Walijua pa kwenda. Upande wa Uganda, karibu na maduka ya mwanzo, mama mmoja aitwaye Aanyu aliwasha jiko lake kila asubuhi. Aliuza chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha.

Binti yake Acom ndiye aliyemimina chai. Alikuwa na miaka kumi na sita, na ulimi wake ulikuwa mwepesi.

"Hii chai yako haina sukari," dereva humwambia.

"Sukari iko chini. Wewe nakunywa juu juu tu," Acom hujibu, na wote hucheka.

Lakini Acom alikuwa na kifafa. Kilimwanza akiwa darasa la pili. Huwa anazungumza vizuri, mara macho yanageuka, mwili unakakamaa, anaanguka na kutetemeka. Akiamka hakumbuki kitu. Baba yake Ekaju, mkulima wa mihogo na mtama, alimpeleka kliniki mjini Tororo. Huko alipewa vidonge vya kumeza kila siku. Vilimsaidia sana. Aliendelea kuanguka, lakini mara moja moja.

Siku moja ya kiangazi Aanyu alikwenda kuteka maji bombani. Nyuma yake Acom alianguka. Mkono wake wa kulia ukalala juu ya makaa.

Watu walikuwepo. Madereva walikuwepo. Carol, Mkenya aliyeuza mitumba jirani yao, alikuwepo pia. Waliona povu mdomoni mwa msichana, wakakimbia.

"Msimguse," mtu mmoja alisema. "Hilo povu likikupata, na wewe utaanguka."

Wakasimama mbali wakitazama. Aanyu alisikia harufu kabla hajaona kitu. Akatupa dumu, akamtoa mwanawe motoni peke yake.

Mkono ulipona, lakini vidole vitatu vilishikana. Kuanzia hapo Aanyu hakumsalimu Carol tena. Aliuza chai akiwa kimya. Kila alipokwenda haja, alirudi mbio.

Mdogo wake Ekaju, John Paul, alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani. Jumapili moja alikuja nyumbani na simu yake.

"Shemeji, ona hii," alisema.

Kwenye simu alikuwapo msichana wa nchi za mbali. Alianguka kifafa sebuleni. Mbwa mkubwa akaja mbio, akalala ubavuni mwake, akabweka mpaka mama yake akatokea.

"Huyu mbwa amefundishwa," John Paul alieleza. "Kazi yake ni mgonjwa tu. Nimempata mtu Nairobi anayefundisha mbwa kama hawa. Lakini bei yake ni kali, na mafunzo yanachukua muda mrefu."

Ekaju akatikisa kichwa. "Kwetu mbwa nalinda mbuzi. Watu watatucheka."

Aanyu hakucheka. Aliomba aoneshwe tena.

"Hakukimbia," alisema taratibu. "Ameona povu, na hakukimbia. Mimi nataka huyu mbwa."

Hivyo mchango ukaanza. Wengine walicheka kweli. "Watu nakosa chakula, nyinyi nachangia mbwa," mzee mmoja alisema kanisani. Lakini wengi walimpenda Acom. Waumini walitoa walichoweza. Madereva walitia noti kwenye ndoo ya plastiki kando ya birika. Wafanyabiashara wa upande wa Kenya walituma kwa simu. Hata Carol alituma.

Pesa zilikuja, lakini hazikufika hata nusu. Aanyu akaanza kujibana. Aliacha kununua nyama. Aliacha kununua sabuni ya kufulia. Kisha akatazama nauli ya kwenda kliniki Tororo.

"Mtoto hajaanguka siku nyingi sasa," alimwambia mumewe. "Hizo dawa zipumzike kidogo. Nauli iingie kwa mbwa."

"Daktari alisema asiache," Ekaju alisema.

"Mbwa akija, dawa ya nini?"

Ekaju alikumbuka ule mkono motoni, akakubali. Vidonge vilipokwisha, hakuna aliyekwenda kuchukua vingine.

Haukupita muda. Acom alikuwa nyumbani na mama yake wakimenya mihogo. Akaanguka. Aanyu alijua kungoja, kwa kuwa siku zote mwili hutulia wenyewe. Safari hii haukutulia. Ulipumzika kidogo, ukaanza tena, ukaanza tena. Jirani alikuja na kijiko, akakisukuma kati ya meno ili asijing'ate ulimi. Jino likavunjika. Wanaume wawili walimshika mikono na miguu kwa nguvu. Bado alitetemeka. Midomo ikawa ya bluu.

Walimpakia kwenye bodaboda, baba yake nyuma akimkumbatia. Barabara ya Tororo ilikuwa imejaa malori. Ekaju alimhisi mwanawe akitetemeka kifuani mwake njia nzima.

Hospitalini walimdunga sindano, mwili ukatulia. Lakini Acom hakuamka siku hiyo, wala kesho yake. Aanyu alikaa sakafuni kando ya kitanda. Hakula. Mchungaji alikuja kuomba, naye hakuitikia amina.

Alipoamka, Acom alimtazama mama yake kwa muda mrefu kabla ya kumjua. Mguu wa kushoto ulikuwa mzito. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayetafuta vitu gizani. Yule msichana wa kubishana na madereva hakurudi.

Muuguzi wa kliniki ya kifafa aliitwa Truphena. Alizaliwa upande wa Kenya, akaolewa Tororo. Alivuta kiti, akakaa karibu na wazazi.

"Mama Acom, alikuwa anameza dawa?"

Aanyu alitazama chini. "Sista, mimi nilizisimamisha. Tulikuwa tunatafuta pesa ya mbwa."

Akamweleza yote. Truphena hakumkemea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Dawa ya kifafa haiponyi," alisema. "Inakizuia. Ni kama ukingo wa mto. Ukiubomoa ghafla, maji yanakuja kwa nguvu kuliko mwanzo. Ndiyo maana safari hii kifafa hakikukatika. Haiachwi hata kama hajaanguka mwaka mzima, mpaka sisi kliniki tuseme, na hata hapo tunaipunguza polepole."

"Na huyu mbwa ni uongo?" Ekaju aliuliza.

"Si uongo. Wapo, na wanasaidia. Lakini mbwa hazuii kifafa. Anakaa na mgonjwa na kuita watu. Hata yule msichana mliyemwona kwenye simu, bila shaka anameza dawa zake."

Aanyu aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini mbwa hakimbii, sista. Mtoto wangu aliungua na watu wamesimama. Watu wazima. Walikimbia."

Truphena aliushika mkono wake.

"Walikimbia kwa sababu hakuna aliyewafundisha," alisema. "Yule mbwa naye hakuzaliwa anajua. Alifundishwa. Je, watu wa Malaba hawafundishiki?"

Aanyu alirudi nyumbani na neno hilo.

Acom alipotoka hospitali, wazazi wake waliwaita wote waliochanga. Walikutana kanisani baada ya ibada. Ekaju alisimama mbele na kofia mkononi.

"Pesa ni yenu," alisema. "Mlitoa kwa ajili ya mbwa. Sisi tulikosea, tukaacha dawa, na mtoto ameumia. Sasa tunaomba hiyo pesa ifanye kazi nyingine. Nauli ya kliniki, mpaka tupate nguvu. Jiko la kujengwa, lililoinuka, asiangukie moto. Na sista aje kutufundisha sisi wote. Asiyekubali, atarudishiwa yake."

Dereva mmoja, Okanya, alidai yake. Alipewa, na hakuna aliyemsema. Wengine walikubali.

Truphena alikuja. Alimwomba John Paul alale sakafuni awe mgonjwa. John Paul alikuwa na suti yake ya Jumapili, watu wakacheka kidogo.

"Kwanza, povu," Truphena alisema. "Povu ni mate tu. Kifafa hakiambukizi. Unaweza kumshika, kula naye, kulala naye kitanda kimoja. Pili, msogeze mbali na moto, maji na barabara. Weka kitu laini chini ya kichwa. Fungua vifungo shingoni."

"Na kijiko?" yule jirani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Usiweke kitu chochote mdomoni. Wala usimshike kwa nguvu. Mwache mwili ufanye kazi yake. Ukitulia, mgeuze alale ubavu, mate yatoke, apumue. Tazama saa. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, au akianza tena kabla hajaamka, kimbizeni hospitali. Na asiachwe peke yake mpaka aamke vizuri."

Kila mtu alijaribu kumgeuza John Paul. Carol alikuja wa mwisho. Alipomaliza alimwendea Aanyu.

"Mama Acom, siku ile niliogopa. Nilimwona anaungua, na miguu ikakataa. Sijalala vizuri tangu siku hiyo."

"Hata mimi sijalala," Aanyu alisema.

Mvua zilianza, mtama ukaota. Acom alimeza vidonge vyake kila siku mbele ya baba yake. Kila mwezi alikwenda Tororo. Alirudi kuuza chai, sasa akiwa ameketi kwenye kiti, birika likiwa juu ya jiko la udongo lililojengwa mbali naye. Aliletewa birika, akamimina kwa mkono wa kushoto. Madereva walingoja bila kumharakisha.

Kifafa hakikuondoka kabisa. Asubuhi moja Aanyu alikuwa ng'ambo ya barabara akinunua maziwa. Aliporudi aliona watu wamekusanyika penye meza yake. Maziwa yakamtoka mikononi. Alikimbia huku malori yakimpigia honi.

Alipofika, watu walimpisha. Acom alikuwa amelala ubavu kwenye majani, mbali na jiko. Chini ya kichwa chake palikuwa na sweta la mtumba kutoka mezani kwa Carol, bado lina kikaratasi cha bei. Dereva mmoja alikuwa ameshika simu akitazama saa. Carol alikuwa amepiga magoti, mkono wake begani mwa msichana, na mate yamemlowesha vidole.

"Ni dakika mbili tu, imekwisha," dereva alisema. "Anapumua."

Aanyu alikaa chini kwenye vumbi. Acom akafungua macho. Alitazama uso mmoja, akatazama mwingine, mpaka akampata mama yake.

"Wa... ngapi... wamekunywa?" aliuliza polepole.

"Bado hawajakunywa," Aanyu alimwambia. "Wanakungoja wewe."