Aliyebaki Kulinda Nyumba

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila mara nilisema kilimpata jirani yangu mmoja wa mtaa wa Kataki. Nilidanganya. Jirani yangu ni mtu safi, anauza sabuni na mafuta ya mawese, na hajawahi kugusa nati ya gari la mtu. Kilinipata mimi, Josias, karani wa bandarini hapa Kalemie. Aibu ndiyo iliyonifanya nimsingizie mwenzangu.

Shemeji yangu Omer, kaka wa mke wangu Rosine, alikufa kwa homa ya siku tatu. Alizikwa Jumamosi moja ya jua kali, upepo wa ziwani ukipiga maturubai, kina mama wakichambua dagaa nyuma ya nyumba kama siku nyingine yoyote ya shughuli. Kwetu maiti ikitoka, mtu mmoja hubaki kulinda nyumba, maana wezi wanajua wenyeji wote wako makaburini. Anayebaki huchaguliwa kwa kuaminiwa. Mjane, Mama Immaculée, aliangaza macho uani, kisha akanitazama mimi.

"Papa Josias, bakia weye," alisema. "Weye njo muntu ya nyumba."

Kwamba mimi ndiye mtu wa nyumbani. Nikabaki.

Sasa nieleze kilichokuwa moyoni mwangu. Mimi na Omer tulikuwa na pikapu za aina moja, za dizeli, zenye turbo. Tofauti ilikuwa bomba. Yeye aliagiza Dubai, likaja kwa meli kupitia Kigoma, bomba pana la chuma kisichoshika kutu, lile linaloshuka kutoka kwenye turbo kupeleka moshi nyuma. Tangu alipolifunga, gari lake lilipanda kilima bila kuhema na kupiga mluzi mwembamba. Watu walijua Omer anakuja kabla hajaonekana. Langu lilikuwa la kiwandani, jembamba, lenye ufa, na nikipita vijana waliniuliza kama nimebeba kuku mgonjwa. Nilimwonea Omer wivu. Nilimwonea wivu hata siku ile, akiwa ndani ya sanduku.

Nyimbo zilipofifia kwenye kona, nikakimbia kwangu, nyumba tatu mbele, nikachukua spana na bomba langu bovu ambalo nilikuwa nimelifungua juzi yake ili nizibe ufa. Nyumba niliyopewa niilinde niliiacha wazi. Nikaingia chini ya gari la marehemu. Nati zilifunguka bila ubishi, kwa sababu Omer alizipaka grisi kwa mkono wake. Nikatoa lake, nikafunga langu, nikalipeleka lake kwangu ndani ya gunia. Waliporudi kutoka makaburini nilikuwa nimenawa, nimekaa mlangoni na uso wa msiba. Immaculée alinishika mikono akanishukuru.

Baada ya siku arobaini tukaondoa matanga. Vitu vya marehemu haviguswi kabla ya hapo. Siku hiyo dada yake ndiye anayeshika kitu kimoja kimoja na kumkabidhi mrithi, akisema, "Omer anakupa." Kitu usichokabidhiwa hivyo bado ni cha marehemu. Dada yake ni Rosine, mke wangu. Aligawa mashati, redio, nyavu, na mwisho akampa ufunguo wa gari mtoto mkubwa, Dédé. Kijana akaketi kwenye usukani, watu wote wakingoja kuusikia ule mluzi. Gari likakohoa.

"Hii hapana sauti ya gari ya papa," Dédé alisema.

Walipofunua boneti na kuona bomba lenye ufa, Rosine alilia kwanza. Kisha akajifuta kwa kitenge, akasema mbele ya ukoo mzima: "Ule aliyemuibia kaka yangu, Omer mwenyewe atamufata kwake. Ataingia mu nyumba yake."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, sahani ya bugali mapajani. Wengine wakasema amina. Na mimi nikasema amina.

Nilingoja mwezi mmoja. Halafu nikalizungushia lile bomba utepe wa kuzuia joto kuanzia juu hadi chini, lisitambulike, nikamwambia Rosine kwamba nimeagiza Kigoma. Aliamini. Hata alinipongeza, maskini, kwamba sasa nami nitakuwa na gari la maana.

Kulifunga ilikuwa kazi ya asubuhi moja, uani kwangu. Lakini nilipowasha, hakukuwa na mluzi. Kulikuwa na mfyonzo. Sss, sss. Na moshi ukaanza kunukia ndani ya kabini. Nikajua linavuja. Nikakaza nati, likavuja. Nikabadilisha gasketi, likavuja. Nikapaka gundi inayostahimili moto kwenye maungio, nikangoja siku nzima ikauke, likavuja vilevile.

Kuna njia ya nyumbani ya kutafuta tundu, na kila fundi anaijua. Injini ikiwa baridi, unasukuma upepo kwenye mdomo wa nyuma wa bomba kwa pampu ya matairi, kisha unapaka povu la sabuni kwenye maungio. Penye tundu, povu linavimba. Nilifanya hivyo Jumamosi mchana, nimelala chali juu ya gunia, bakuli la sabuni kando.

Povu halikuvimba. Lilizama ndani.

Nikafikiri nimekosea. Nikapaka tena. Likazama tena. Nikatoka, nikachomoa pampu, nikarudi chini. Hapakuwa na upepo wowote sasa. Injini ilikuwa imezimwa. Povu likatoka. Likazama. Likatoka. Polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Hapo ndipo ningelifungua na kulirudisha. Nilijua. Lakini ningemwambia nini Immaculée? Nikajidanganya kwamba ni upepo wa pampu uliosalia ndani. Nikamwita Rosine akanyage mafuta wakati mimi nasikiliza kutoka chini.

Akapanda. Akawasha.

Sss, alifanya yule wa ndani ya bomba. Kisha nikasikia neno. Lilitoka kwenye ungio la juu, karibu kabisa na uso wangu, likapanda kuelekea kabini.

"Kamama."

Omer peke yake ndiye aliyemwita Rosine hivyo, tangu utotoni.

"Rosine, zima!" nikasema.

Hakuzima. Nikasikia kioo cha mlango kikipandishwa. Kisha cha pili.

"Papa Mireille," aliniita kwa jina la binti yetu, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. "Usikaze tena. Ukikaza atanyamaza."

"Nani?"

"Kaka. Njo yeye. Ananiita."

Niliona moshi ukipenya juu, mwembamba, ukiingia kwenye tundu la sakafu ya kabini. Na mimi, badala ya kutoka, nilikaza. Naapa, nilikaza nati kwa nguvu zangu zote. Nilitaka anyamaze kabla hajasema zaidi.

Akasema zaidi.

"Kamama, nani alibakia kulinda nyumba?"

Kisha sauti ya mke wangu, yenye usingizi:

"Njo bwana yangu, kaka."

Injini ikapanda. Mguu wake ulikuwa umelalia mafuta.

Nilitoka chini nikijichuna mgongo. Kabini ilikuwa imejaa moshi mweupe. Rosine ameegemea kioo, mdomo wazi. Nikavuta mlango. Umefungwa. Ule wa pili. Umefungwa. Nikapiga kioo kwa spana kubwa. Spana ikaruka. Nikapiga tena. Hata alama haikubaki.

Majirani wakaja kwa ngurumo ile. Mama Florentine wa nyumba ya mbele alishika kichwa kwa mikono miwili. "Papa Josias, nini inafanyika?"

"Ni moshi tu," nilimjibu.

Nyuma ya kioo, kifua cha Rosine kilitulia. Na chini ya gari sauti ikarudi, juu ya ngurumo yote, ikiniuliza mimi sasa. Swali lilelile.

Nilijua linalotakiwa. Nikawatazama wale majirani. Walikuwa sita. Niliwahesabu. Mke wangu anakufa, na mimi nahesabu ni wangapi watakaojua.

"Ni mimi," nilinong'ona.

Mlango haukufunguka.

"Ni mimi! Nililinda nyumba, nikaiba! Nilimuibia Omer wakati mulikuwa munamuzika!"

Kitasa kikalia. Mlango ukafunguka wenyewe, na injini ikazima. Rosine akaniangukia mikononi. Florentine alimpepea kwa kitenge, akamwita, akamwita tena, hata Rosine akakohoa. Alipofungua macho alinitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amesikia. Aliuondoa mkono wangu begani mwake, akamwomba Florentine amsindikize kwa Immaculée.

Kesho yake nilifungua bomba, nikalibeba begani mchana kweupe hadi kwa mjane, watu wakitazama. Nilipiga magoti uani. Nilieleza yote. Hakuna aliyenitukana, na ingekuwa afadhali wangenitukana. Rosine alikaa kwenye mkeka, mgongo kwangu.

Dédé alichukua bomba, akaligonga chini ili kutoa masizi. Masizi hayakutoka. Likatoka bonge la udongo.

Udongo mwekundu. Kwetu Kataki ni mchanga wa kijivu. Mwekundu uko kule juu, makaburini, ambako sikufika. Lilikuwa bonge la ukubwa wa kiganja, limekauka, lina alama za vidole kama lililofinywa mkononi. Bomba lile lilikuwa limepitisha moshi wa moto, na pampu ilikuwa imepuliza ndani yake. Hata njugu isingekaa.

"Tia mukono," Immaculée aliniambia.

Nikatia. Vidole vikaingia kila kimoja mahali pake. Kidole changu cha shahada hakina ncha. Feni ya injini iliikata zamani. Kwenye lile bonge pia alama ya kidole hicho iliishia nusu.

Rosine aligeuka kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na moshi. "Siku ile kila muntu alitupa udongo yake mu kaburi," alisema. "Wote tulitupa. Ulibakia weye."

Jioni tulipanda makaburini, mimi mbele, wao nyuma. Kaburi la Omer limejengewa simenti, limepakwa chokaa, na msalaba wake umeshindiliwa barabara. Nilisimama nikiwa siwezi kuinua uso. Nikaliachia lile bonge juu ya simenti.

Halikuvunjika pale. Sikuliona tena. Nilisikia tu, baada ya muda, chini sana, udongo ukigonga ubao wa sanduku.