Chokaa ya Asimina kwenye Njia Mpya

Kila asubuhi Asimina alimpikia mumewe Lefteri kahawa, kisha akamkataza kutoka nje. Kichochoro chao kilituamisha maji kila iliponyesha, kikaota utelezi wa kijani. Hapo ndipo Lefteri alipoanguka akavunjika nyonga. Sasa alitembea kwa fimbo, lakini mkewe hakumruhusu kuvuka kizingiti.

"Umenifuga kama kuku," alilalamika.

"Kuku hutaga. Wewe unalalama tu. Kunywa kahawa."

Kabla ya Pasaka, mafundi wakamwaga njia mpya ya zege lenye matundu. Aliyewasimamia alikuwa Kaliopi, binti wa jirani. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yalizama kama chai kwenye chujio. Lefteri akatoka, akafika hadi mkahawani kwa wenzake. Asimina alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Kwa jinsi alivyoipenda njia ile, akaifanyia kama mama yake alivyofanya kila Pasaka: akaipaka chokaa. Majirani walipaka kingo tu. Yeye alipaka yote, ikang'aa.

Kesho yake ikanyesha. Maji yakajaa hadi kizingitini. Lefteri alikuwa ameshavaa kofia. Akaivua, akarudi kitini. Jambo hilo lilimuuma Asimina kuliko matusi. Akatoka mbio kumwita Kaliopi.

"Zege lako limekufa, mwanangu!"

Kaliopi akaja, akainama, akacheka. "Halijafa, shangazi. Umeliziba pua."

"Nimelipamba!"

"Umelipamba likakosa pumzi. Hizi ni kokoto zilizoshikwa kwa saruji, karibu bila mchanga. Maji hupita katikati yake yakaenda ardhini."

"Sasa mbona halimomonyoki, na limejaa matundu?"

"Yale ya zamani yalimomonyoka upesi. Hili tumelitia chembe za silika, kitu kilichomo hata kwenye mchanga. Ila hizi ni ndogo mno. Ukizilinganisha na unga wa ngano, unga ni mawe. Zinaingia kwenye nafasi ndogondogo za ndani ya saruji na kuikaza. Kokoto zinashikana barabara."

"Kwani hizo chembe haziwezi kuziba matundu?"

"Tunatia kidogo, kwa kipimo. Zinakaza saruji tu, matundu makubwa yanabaki wazi. Chokaa ndiyo huziba. Hata udongo na majani. Chembe hazikuondolei kazi ya kufagia, shangazi."

"Nimemharibia mzee wangu njia yake," Asimina akasema, machozi yakimlengalenga.

"Chokaa bado changa. Lete ufagio."

Kaliopi akaleta mashine ya kuosha kwa maji yenye nguvu, na nyingine ya kunyonya uchafu. Asimina akafuata nyuma akisugua, mpole kama mtoto aliyevunja chungu. Doa jeupe lilibaki pembeni, lakini maji yakaanza kuzama tena.

"Na Pasaka bila chokaa?" akauliza.

"Paka kuta. Paka vyungu vya maua. Njia iache ipumue."

Jumapili ya Pasaka mvua ilinyesha alfajiri. Kulipokucha, njia ilikuwa haina hata kidimbwi. Lefteri akatia mfukoni yai la sikukuu lililopakwa rangi nyekundu, akashika fimbo, akatoka. Alipofika nje akageuka.

"Unakuja, au leo kuku ni wewe?"

Asimina akafunga mlango, akamshika mkono. Siku zote alipotembea naye alimwangalia miguu. Siku hiyo alimwangalia uso.