Nilificha Vyoo Juu ya Chemchem

Niko na miaka makumi ine na mbili, ninakaa hapa Bunia, kazi yangu ni kujenga nyumba za batu. Basomaji wapendwa, hii mambo hata padri nilimuelezea paka nusu tu...

Parwasi yetu ya kanisa ilikuwa inapokea misa kubwa ya askofu. Bakristu bangetoka Mahagi, Kasenyi, mpaka Ariwara, balale siku tatu ku kilima. Komite ikaniachia mimi nipange fasi ya kulala, maji na vyoo. Kichwa ikanivimba!

Kwetu, mugeni mukubwa akiona choo, ni haya. Prezida wa komite akasema vyoo isionekane kutoka ku tribini, jukwaa ya bageni bakubwa. Fasi ya kuificha ilikuwa moja tu: nyuma ya mikaratusi, juu ya chemchem yenye batu yote bangekunywa.

Yaya yangu Veronika, dada yangu mukubwa mwenye alinilea kisha mama kufa, ndiye alikuwa anapikia bageni. Akaenda kuangalia, akaniita pembeni.

"Maji inashukaka, ndugu yangu. Peleka vyoo kule chini, hata bageni baone."

Nilimujibu nini? Nilimuambia abaki na sufuria zake! Mbele ya bamama benzake... Akafunga kitenge yake vizuri, akarudia moto.

Siku ya kwanza askofu alisifu tribini. Nilifurahi sana, mujinga mimi.

Siku ya pili mvua ikanyesha mpaka mashimo ikajaa, uchafu yote ikateremuka mu chemchem. Kesho yake batu bakaanza kuharisha na kutapika. Muganga akasema ni kolera. Yaya alikuwa kati yao. Alinishika mukono, hakunigombeza hata kidogo, na jua halijazama akakata roho... Ee Mungu wangu!

Mimi sikuugua. Niliona ni bahati. Kisha maziko, mama mwenye alipika naye akanieleza: siku ya mvua kuni zilikuwa zimelowana, maji kidogo tu ndiyo ilichemuka. Yaya akaitia mu termosi, akasema ni ya ndugu yake. Yeye akakunywa ya chemchem.

Ile termosi, nilikuwa ninaikunywa siku nzima bila kuuliza!

Weye mwenye kupanga mikutano ya batu wengi, ninakuomba: anza na maji na choo, tribini itakuja nyuma. Haya ya mugeni inaisha siku moja. Na yaya yako akikuita pembeni, umusikilize... Mimi wangu hataniita tena.