Vipande Alivyomwachia Fundi

Jumamosi jioni, jua likizama nyuma ya mabati ya mtaa wa Langas, Maximilla alishuka kwenye boda boda akaenda kuchukua gauni lake kwa fundi. Lilikuwa sare ya kwaya, la zambarau na kola nyeupe, na kesho yake alitaka kulivaa kanisani mama yake akiwa benchi la mbele.

Fundi huyo, Kabura, alikuja Eldoret kutoka Nyeri akiwa msichana, akazeekea kwenye cherehani ile ile. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja wenye haraka. Ukimpelekea nguo ipunguzwe, hakati. Anakunja kitambaa ndani na kukishikiza kwa uzi mrefu, ili siku ukinenepa afumue na nguo irudi ilivyokuwa.

"Watu hunona tena, mami," alimwambia Maximilla siku ya kwanza, mwaka uliopita. "Wacha nikunje."

"Kata," Maximilla akasema. "Mimi sirudi huko. Huyo mtu simtaki tena."

Kabura alishika makasi bila kupenda. "Basi ukienda, enda na vipande vyako. Kitambaa kimekaa kwa mwili yako, usiachie watu."

Maximilla alicheka. Vipande akaviacha chini ya meza. Akaviacha gauni la pili, akaviacha la tatu, hili la zambarau.

Na nani angemlaumu? Alikuwa amebeba kilo mia moja thelathini na nne. Magoti yalimlilia. Ngozi ilichubuka kila mahali inapokunjana, akawa anajipaka poda ya watoto asubuhi na jioni, harufu yake ikamfuata kila aendako. Daktari alipomwambia kuhusu sukari na presha, hakumficha. Ukiendelea hivi, alimwambia, mama yako ndiye atakayekuzika.

Basi akaacha chai ya sukari. Akaacha ugali wa usiku. Akatembea kwa miguu kutoka kwao Kapsoya hadi mjini na kurudi, mvua inyeshe au isinyeshe, miezi kumi na sita. Siku ya mwisho kupanda mizani alikuwa amepoteza kilo hamsini na nane. "Umetoa mtu mzima," muuguzi akamwambia, wakacheka wote wawili.

Jambo ambalo hakuna aliyemwonya juu yake ni upweke.

Watu wa mtaani hawajui kukonda kwa heri. Wenzake wa kwaya walianza kumsalimia kwa ncha za vidole. Wengine wakamletea unga na maombi. Barabarani watu walimpita kama hawajawahi kula kwake. Baridi ya Eldoret, ambayo zamani hata hakuijua, sasa ilimwingia mpaka kwenye meno, na benchi la kanisa lilimuumiza mifupa. Kuna asubuhi alifunga kamba za viatu vyake mwenyewe, mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Akatafuta mtu wa kumwambia. Akakosa.

Angemwambia mama yake. Lakini mama yake ndiye aliyeumia zaidi.

Mama Namalwa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akiona mwanga na vivuli tu, na watu aliwajua kwa kuwashika mikono. Mikono ile ile ndiyo iliyomuuguza Jentrix, dada mdogo wa Maximilla. Jentrix aliisha polepole, mwezi baada ya mwezi, mpaka siku ya mwisho mama yake akambeba peke yake kama mtoto mchanga. Tangu hapo, kwa Mama Namalwa kukonda na kufa vilikuwa kitu kimoja.

"Mama, mimi ni mzima," Maximilla alimwambia kila siku.

Mama yake alimshika kifundo cha mkono, akakizungushia kidole gumba na cha kati, vikakutana. Akauachilia mkono. "Hata Jentrix alisema hivyo."

Na usiku, nyuma ya pazia, Maximilla alimsikia akiomba. Mungu, nirudishie Maxi wangu vile alivyokuwa.

Basi Maximilla alitaka kitu kimoja tu. Kesho asimame mbele na gauni linalomkaa, aimbe kwa pumzi yake mpya, mama yake asikie. Aamini kwamba mtoto wake hafi.

Kabura alimkaribisha bila kicheko chake cha kawaida. Stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima. Taa ya mafuta ilikuwa juu ya cherehani, na kibanda kilinuka mafuta ya taa na nguo iliyopigwa pasi.

"Vaa nione," akasema.

Maximilla akavaa. Gauni likamkaa vizuri ajabu. Akajizungusha mara mbili, akacheka peke yake.

"Leo nachukua na vipande vyangu," akasema kwa utani. "Usije ukanigombeza tena."

Kabura aliinamisha kichwa. Alikuwa akiangalia chini ya meza.

"Vya kwanza mama yako alikuja akachukua," akasema. "Kitambo. Aliletwa na jirani yenu. Akaniambia anataka kushona mto."

Maximilla aliujua mto huo. Mto mnene wa viraka, kitenge chake chenye picha za kanga-pori na dera lake la manjano, umeshonwa kwa kupapasa, uzi mrefu mrefu. Mama yake aliukumbatia kila usiku. Wakati mwingine aliuongelesha. Maximilla alidhani ni uzee.

"Na vya zambarau?"

"Vimechukuliwa leo. Saa tisa hivi."

"Na mama?"

"Hapana." Kabura akapunguza sauti. "Ni mwanamke mkubwa. Mkubwa sana. Aliingia kwa upande, mlango ilimbana. Hakusalimia. Aliinama, akatoa vipande hapo chini, akaenda. Alijua mahali viko." Akamsogezea Maximilla taa usoni. "Maxi... uko na dada?"

"Nilikuwa naye. Alikufa."

"Alikuwa mkubwa?"

"Alikufa akiwa na kilo thelathini na kitu."

Taa ikatetemeka. Kabura alijifunga leso kifuani.

"Huyo mtu alikuwa ananukia poda," akasema. "Poda ya watoto. Enda nyumbani, mami. Enda haraka."

Boda boda haikukawia. Maximilla alikaa nyuma akiwa amevaa gauni lake la zambarau, upepo ukimpenya, akijiambia kwamba wanawake wakubwa wako wengi Eldoret na poda inauzwa kila duka. Alijiambia hivyo kutoka Langas hadi Kapsoya. Hakuamini hata mara moja.

Ploti yao ya vyumba vya kupanga ilikuwa giza. Jelagat, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akianua nguo kwa mwanga wa simu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Maxi."

"Wacha mchezo."

Tochi ikampiga usoni. Ikashuka kwenye gauni. Ikapanda tena, polepole.

"Maxi ameingia saa kumi na mbili," Jelagat akasema. "Nimemsalimia mimi mwenyewe. Alikuwa ameshikilia ukuta akipumua, vile alikuwa anapumua kitambo. Nikasema, asante Yesu, mwili imerudi."

"Jelagat, ni mimi. Jana si uliniomba chumvi?"

Jelagat alizikumbatia nguo kifuani.

"Ni kweli niliomba Maxi chumvi," akasema. Kisha akarudi nyuma hatua moja, na nyingine, akaingia kwake. Komeo likalia.

Maximilla akabaki peke yake uani.

Hatua saba mpaka mlangoni pake. Alipofika ya nne, harufu ikamfikia.

Poda.

Kopo lake alilitupa mwaka mzima uliopita. Alilitupa mwenyewe, jalalani, akafurahi. Dirishani pazia lilikuwa limeachia ufa mdogo, na ndani mshumaa ulikuwa unawaka. Akachungulia.

Aliona mgongo.

Mgongo mpana, umejaza kiti cha mbao mpaka kiti hakionekani. Ulikuwa umevikwa vipande. Kitenge cha kanga-pori. Manjano ya dera. Begani, zambarau mpya. Vimeunganishwa kwa uzi mrefu mrefu, ule ule wa mto. Na mgongo ule ulikuwa ukipanda na kushuka, ukivuta pumzi kwa shida.

Mbele yake Mama Namalwa alikuwa ameketi kwenye stuli, ameushika mkono mnene kwa mikono yake miwili. Alikuwa akicheka. Maximilla hakuwa amemsikia mama yake akicheka tangu wamzike Jentrix.

Akagonga.

Kicheko kikakatika.

"Nani?"

"Mama, ni mimi. Maxi."

Kiti kikalia kwii.

"Maxi yuko hapa," mama yake akasema kutoka ndani. "Anakula."

"Mama, nifungulie. Huyo si mimi. Nifungulie unishike!"

Nyayo za mama yake zikaburuta sakafuni. Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Mkono ukatoka gizani, ukapapasa hewani, ukakipata kifundo chake. Kidole gumba na cha kati vikazunguka. Vikakutana.

Ule mkono ukamkaza zaidi.

"Jentrix," mama yake akanong'ona.

"Mama..."

"Mwanangu. Umetoka mbali hivi na hii baridi."

"Mimi si Jentrix! Jentrix tulimzika, Mama. Wewe na mimi. Tulimzika pamoja."

"Najua tulikuzika." Mama yake alikuwa akilia sasa, kwa sauti ndogo, asije akasikika ndani. "Sijakusahau hata siku moja. Lakini usichukue dada yako. Nakuomba. Nimeomba mwaka mzima, ndio tu nimerudishiwa."

Kadi ya kliniki ilikuwa mkobani mwa Maximilla, imeandikwa kwamba sukari imeshuka, kwamba ni mzima, kwamba ataishi. Nani angeisoma? Angemwonyesha nini mama yake, zaidi ya mkono huu aliojitahidi miezi kumi na sita kuupunguza?

"Mama," ikasema sauti kutoka ndani. "Funga mlango. Baridi inaingia."

Ilikuwa sauti yake. Yenye pumzi fupi, ya mtu aliyetoka kupanda ngazi. Sauti aliyokuwa nayo zamani.

Mkono wa mama yake ukamwachilia. Maximilla akaweka bega mlangoni akasukuma kwa nguvu zake zote, zile nguvu mpya alizojivunia. Mlango ukafungwa taratibu, ukimrudisha nyuma na viatu vyake vikiteleza kwenye simenti. Kitu kizito kilikuwa kimeegemea upande wa pili. Aliujua uzito ule. Aliubeba miaka ishirini.

Akateleza chini, akaketi kwenye kizingiti. Hakulia. Baridi ilimshika magoti, mabega, meno. Katika ploti nzima hakuna mlango uliofunguka, wala hakuna aliyeuliza kuna nini. Aliwasikia wakizungumza huko ndani, mama na mtoto wake. Habari za kwaya. Habari za nyumbani, za mvua, za mahindi. Mama Namalwa alikuwa akisimulia mambo ambayo hakuwahi kumsimulia Maximilla mwaka wote ule, kwa sababu mtu hamwambii hayo mtoto anayekufa.

Baadaye mlango ukafunguka tena, ufa tu. Sahani ikasukumwa nje mpaka kwenye kizingiti. Ugali, na kuku, paja zima na mchuzi wake. Ndivyo Mama Namalwa alivyokuwa akimwekea Jentrix mwaka ule wa matanga, sahani mlangoni kila jioni, mpaka mchungaji alipomkataza.

"Kula, mwanangu," akanong'ona. "Kula uende."

Mlango ukafungwa.

Maximilla aliitazama sahani. Mvuke wake ulimpanda usoni. Miezi kumi na sita hakuwa amegusa ugali baada ya jua kuzama. Lakini akafikiri, nikila, nikanenepa, mama atanijua. Siku moja atanishika mkono na vidole havitakutana.

Akamega tonge. Akala ugali wote. Akala kuku, akatafuna mpaka mifupa laini, akaramba mchuzi kwenye sahani. Akangoja ashibe.

Tumbo lilikuwa tupu kama hajala kitu tangu jana. Akajishika kifundo cha mkono, gumba na kidole cha kati. Vikakutana, vikapitana.

Ndani, mtu akacheua.

"Asante, Mama," sauti yake ikasema. "Nimeshiba."