Saa Iliyorudishwa Nyuma

Kila asubuhi nikifika shuleni nina kazi mbili. Ya kwanza ni kufagia chumba cha kompyuta, maana mimi Ineza ndiye kiranja wa usafi wa Darasa la Sita. Ya pili ni kuwa macho ya Domisiana.

Ndiyo, macho. Domisiana ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Hapa Kirushya, kati ya kwao na kwetu ni migomba tu. Tatizo lake ni kwamba haoni mbali. Mwalimu akiandika ubaoni, yeye huona ukungu mweupe. Basi mimi humnong'oneza hesabu, naye hupata jibu kabla sijamaliza kunakili swali. Usiniulize nani huwa wa kwanza darasani. Si mimi.

Mwezi wa nne alikuja nesi wa macho kutoka kliniki ya Biharamulo. Aliwapima wanafunzi kumi na mmoja, Domisiana akiwa mmojawapo, na vipimo vyote akaviingiza katika kompyuta ya shule. Programu yake ilikuwa na kufuli. Hata Mwalimu Adelfina hakuweza kuifungua, kwa sababu habari za wagonjwa ni siri.

"Siku ya kukata vioo vya miwani ikikaribia," nesi alisema, "nitaichukua orodha nikiwa kulekule Biharamulo."

Tulitazamana. Mwalimu Adelfina akatueleza kwamba ipo programu inayomwezesha mtu aliye mbali kuingia kwenye kompyuta yako kupitia intaneti, akaiendesha kana kwamba amekaa mbele yake. Mlinzi wetu, Mzee Kazimili, alicheka mpaka akakohoa.

"Mtu akae Biharamulo, mkono wake ufike Kirushya? Mwalimu, hayo ni mambo ya wachawi!"

Ikafika Ijumaa, tarehe kumi na tano Mei. Saa nane na nusu mchana, Mwalimu Adelfina alituita mimi na Domisiana tuhakiki majina ya waliopimwa. Simu yake kubwa aliiweka dirishani ili itupe intaneti. Kwa mazungumzo tuliazima simu ndogo ya Mzee Kazimili, kitochi chake, ambacho kilikuwa kimechomekwa palepale ukutani kikichajiwa. Upande wa pili alikuwa fundi Halfani wa kliniki, pamoja na nesi.

"Mwalimu, habari za huko? Haya, ninaingia sasa hivi," fundi alisema kwa furaha. Tukasubiri. Kioo cha kompyuta kilitulia tu.

"Inanikatalia. Inasema namba yangu ya siri si sahihi."

Mwalimu aliizima kompyuta, akaiwasha. Fundi akajaribu tena, ikakataa tena.

"Labda kompyuta hii ya kliniki imezeeka. Ngoja nitumie laptopu yangu." Dakika ishirini zikapita. "Hata hii! Ngoja niende kwa jirani mwenye steshenari."

Tulimsikia akihema, akisalimia watu, akiomba kiti. Kisha akapiga ukelele. "Lahaula! Kompyuta ya tatu hii, na jibu ni lilelile! Na asubuhi nimeingia kwenye kompyuta ya shule moja ya Kaniha bila shida yoyote. Mwalimu, ugonjwa uko huko kwenu. Hebu angalia, saa ya kompyuta iko sawa?"

Mwalimu Adelfina aliinama, akatupa jicho pembeni mwa kioo. "Saa sawa. Tarehe kumi na tano. Sawa kabisa."

Moyo wangu ulifanya paa!

Mwalimu aliiona siku. Mwezi hakuuangalia. Kama angeuangalia, angekuta tupo Machi.

Nani aliturudisha Machi? Mimi. Kompyuta ile ilikuwa na mchezo wa kujifunza kuchapa, maneno yanashuka kama mvua na wewe unayawahi. Nilikuwa nimefika ngazi ya tisa pale mchezo uliponiambia kwamba siku zake thelathini za bure zimekwisha. Renatus wa darasa letu akanipa ujanja: "Rudisha tarehe nyuma, mchezo utadhani siku bado zipo." Jumatano, wenzangu wakila, mimi nilikuwa na ufunguo na ufagio. Nilizima sehemu inayoifanya saa ijirekebishe yenyewe, nikarudisha mwezi, na mchezo ukafunguka! Nilifurahi hadi nikasahau kuirudisha. Sikujua kabisa kwamba saa ya kompyuta ina uhusiano wowote na macho ya Domisiana.

"Sikilizeni," fundi alisema, na sauti yake haikuwa na furaha tena. "Wakata vioo wanafunga orodha saa kumi na moja jioni. Wakiikosa leo, watoto wa Kirushya watasubiri mpaka mwakani."

"Mwakani!" Mwalimu alishika kichwa. "Fundi, mwakani hawa wako darasa la saba!"

Mkono wa Domisiana ulipapasa hewani, ukaupata wangu, ukaushika. Mimi niliona aibu hata ya kushikwa mkono.

"Kuna mtu ameigusa kompyuta hii?" Mwalimu aliuliza.

Sema, Ineza. Nilijiambia hivyo. Mdomo ukakataa. Mwalimu akawa tayari amemgeukia Mzee Kazimili aliyesimama mlangoni.

"Mzee, wewe ndiye unayeingia humu kila siku na chaja yako."

"Mimi?" Mzee alishtuka. "Mwalimu, mimi nachomeka simu tu. Hicho kidude hata kukigusa naogopa."

"Hukohuko kuchomekachomeka! Umevuruga kitu. Tafadhali weka ufunguo mezani."

Mzee Kazimili alitoa ufunguo mfukoni, ukiwa umefungwa kwenye uzi wa katani, akauweka taratibu.

"Miaka kumi na tisa nimelinda shule hii," alisema. "Haijapotea hata chaki."

Akatoka. Simu yake aliiacha palepale mezani, kwa sababu sisi tulikuwa bado tunaihitaji. Nilimwona kupitia dirishani akipita kando ya shamba la maharage la shule, bila kofia, wala hakugeuka.

Nisingependa kukuambia nilinyamaza kwa muda gani baada ya hapo, lakini hii ni habari ya ukweli kwa hiyo nitasema. Nilinyamaza karibu nusu saa. Fundi alijaribu hiki na kile, Mwalimu akabonyeza huku na huku, na mimi nikasimama pale kama gogo. Ndipo Domisiana aliponisogelea sikioni.

"Usihuzunike, Ineza," alininong'oneza. "Utaendelea tu kunisomea. Nitajitahidi nisikusumbue sana."

Ananifariji mimi! Yeye, mimi! Hapo machozi yalinitoka yenyewe.

"Mwalimu, ni mimi!" Nilipiga kelele hasa. "Mzee Kazimili hana kosa! Nilirudisha tarehe nyuma ili nicheze. Tupo Machi! Angalia, tupo Machi!"

Mwalimu Adelfina aliinama, akasoma, akanyanyuka polepole. Alinitazama kama mtu aliyemkuta mgeni ndani ya nyumba yake.

"Ineza? Wewe? Ninayekupa ufunguo?"

Nilitegemea kofi, au walau maneno makali. Hakuna kilichokuja. Alisema tu, "Na mimi nimemfukuza mzee wa watu," kisha akatoka mbio, viatu vikipiga sakafu, akimwita Mzee Kazimili kwa sauti.

Domisiana aliuachia mkono wangu.

"Binti!" Kitochi kilikoroma mezani. Nilikuwa nimesahau kwamba fundi anasikia kila kitu. "Binti, upo? Kulia utalia baadaye. Sasa nifanyie kazi. Namba yangu ya siri inabadilika kila nusu dakika, na inatengenezwa kwa kufuata saa. Saa ya huko na ya huku zisipopatana, namba hazipatani, hata nikiazima kompyuta za wilaya nzima. Umeelewa?"

"Ndiyo, fundi."

"Fungua sehemu ya tarehe. Weka Mei. Na saa uiandike upya, tusibahatishe. Sasa hivi ni saa kumi kamili."

Niliweka Mei. Nikaandika kumi, nukta mbili, sifuri sifuri. Nikahifadhi.

"Tayari, fundi."

Nilisikia akibofya kule Biharamulo.

"Inakataa," alisema.

Nimekiri, nimelia, nimerekebisha, na bado! Nilianza kuomba Salamu Maria kwa sauti, nikayachanganya maneno.

"Ineza," Domisiana aliita. Sauti yake ilikuwa kavu. "Umeandika saa ngapi?"

"Saa kumi! Kama alivyosema!"

"Umeandika kumi?"

"Ndiyo, kumi!"

"Wee Ineza! Kompyuta haihesabu kama mama yako anavyohesabu nyumbani. Yenyewe huanza kuhesabu usiku wa manane. Kumi yake ni saa nne yetu ya asubuhi. Saa kumi ya sasa hivi kwake ni kumi na sita!"

Somo hilo tulifundishwa darasa la nne, na mimi ndiye niliyemsomea ubaoni!

Simu ilipasuka kwa kicheko. "Mashallah! Nani huyo aliyesema hivyo?"

"Ni Domisiana, fundi," nilijibu. "Ni mmoja wa wanaosubiri miwani."

Kicheko kilikatika. "Basi tufanye haraka," fundi alisema kwa upole. "Tena usiandike saa kwa mkono. Iwashe ile sehemu inayofanya saa ijirekebishe yenyewe."

Ile niliyoizima mwenyewe Jumatano. Niliiwasha. Tarakimu zikaruka mara moja: kumi na sita, dakika saba.

Wakati huohuo Mwalimu Adelfina aliingia akimshika mkono Mzee Kazimili. Walikuwa hawajapiga hatua tatu ndani, mshale ukaanza kutembea kwenye kioo. Kipanya kilikuwa kimetulia mezani, hakuna aliyekigusa. Mshale ulipanda, ukashuka, ukaifikia programu ya macho, ukaifungua kufuli.

"Yezu Maria!" Mzee Kazimili alirudi nyuma akagonga mlango. "Nani anausukuma?"

"Nini? Kuna nini?" Domisiana aliuliza. "Niambieni basi!"

Nilimsogelea, nikamnong'oneza kama darasani. "Mshale unatembea wenyewe. Umefungua orodha. Sasa naona majina. Jina lako ni la nne."

"Endelea," alisema.

Saa kumi na dakika ishirini tulisikia sauti ya nesi: "Tumeipata! Wote kumi na mmoja!" Mwalimu alikaa chini kwenye sakafu, palepale, na sketi yake safi.

Nilimwendea Mzee Kazimili, nikapiga goti. "Shikamoo, babu. Nisamehe. Nilikuacha usingiziwe kosa langu."

Hakuitika upesi. Nilihesabu pumzi zangu tatu. Nilidhani hataitika kabisa.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema mwishowe. "Lakini nimeumia. Lazima nikuambie ukweli kwamba nimeumia."

"Hata mimi nimemkosea," Mwalimu alisema akiinuka. "Nilimhukumu mzee bila ushahidi." Aliuchukua ufunguo wa uzi wa katani, akamrudishia kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia.

"Ineza, kosa la kuchezea saa lingeweza kurekebishwa kwa dakika moja. Umeona mwenyewe. Kilichokaribia kumnyima Domisiana miwani na kumvunjia mzee heshima ni kule kunyamaza kwako. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Fundi hodari alijaribu kompyuta tatu kutafuta ugonjwa ambao wewe ulikuwa unaujua tangu mwanzo. Ukikosea, sema. Ukisema mapema, watu wanakusaidia. Ukichelewa, wengine wanalipa."

Adhabu yangu ilikuwa kufagia kwa mwezi mzima bila kupewa ufunguo. Mzee Kazimili alinifungulia, akasimama mlangoni mpaka nimalize. Pia niliandika tangazo kwa mkono wangu, nikalibandika ukutani juu ya kompyuta. Domisiana aliendelea kukaa nami, nami niliendelea kumsomea, lakini hakucheka nami kama zamani. Sikumlaumu.

Wiki ya kwanza ya Juni, sanduku la miwani lilifika kwa gari lililopitia Nyakahura. Tuliitwa kwenye chumba cha kompyuta. Domisiana alisimama mlangoni, mbali kabisa na ukuta, Mwalimu akamvalisha miwani yake yenye fremu nyekundu.

Alipepesa macho. Akageuka nje. "Jamani! Kumbe migomba ina majani mojamoja!" Akamtazama Mzee Kazimili. "Babu, kumbe una mvi!" Tukacheka wote, na mzee akacheka kuliko sisi.

Kisha akageukia ukutani. Midomo yake ilianza kusogea, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza, Domisiana akasoma kitu kilicho mbali bila kunihitaji mimi.

"Ukigusa, sema. Ukiharibu, sema upesi. Mimi nilichelewa. Ineza."

Nilitazama chini. Nikasikia hatua zake zikija, kisha mkono wake ukaushika wangu. Safari hii haukupapasa.