Kopo Jeupe Kwenye Friza

"Nilibakiza kuonja tu, kinyozi. Kijiko kilikuwa mkononi."

Mama Mapacha alilishika kopo kwa ncha za vidole, mkono kaunyoosha mbali na pua kama kabeba panya mfu. Friza ni yake, ila kwa wema wake wapangaji wote huweka vyao humo. Alidhani mtindi. Kumbe kinyesi kilichoganda, kina michirizi ya damu, na kimelala juu ya samaki wake. Alikuwa ametoka kutapika karoni.

Uani pakajaa watu. Fundi cherehani, mchumba wa kinyozi, akaingia katikati ya varangati, pete kaivua, anakuja kuirudisha. Asubuhi alituma meseji: "Kila nikipika unakimbia. Kama una mwingine, sema." Akajibiwa: "Leo siwezi kuja. Nisamehe."

Akaziba pua kwa mtandio.

"La nani hilo?"

Kinyozi angeweza kukana. Mama Mapacha alishaanza kumsingizia mpangaji wa chumba cha nyuma.

"Langu. Nimepewa hospitali. Lilikuwa na karatasi ya jina, nikaibandua. Niliona aibu."

Yakamtoka yote, macho chini. Anaharisha damu, ndiyo maana hukimbia mezani. Daktari kamweleza kwamba kinga ya mwili ina vipokezi, ni kama masikio ya askari, na hivyo ndivyo vinavyomvimbisha macho poda ikimrukia pale saluni. Vikishtuka ovyo, huenda vinawavuruga hata bakteria wa tumboni, wakabaki wale wakorofi, utumbo ukavimba. Sasa wanataka kuwachunguza hao bakteria, na mzigo usiyeyuke kabla ya kufika maabara.

"Kwa hiyo si mwanamke," fundi akasema.

"Ni utumbo."

Uani watu wakabana vicheko. Fundi hakucheka.

"Unanichefua. Si hicho kinyesi, ni huo uongo. Wiki nzima namlilia mwanamke, kumbe nalilia mavi."

Lakini pete akaitia kidoleni, kwa hasira, kama anayefunga komeo.

Mama Mapacha akalitia kopo kwenye mfuko juu ya mfuko, akamsukumia mwenyewe. Samaki, alisema, waliwe na paka, yeye hawagusi tena.

Kinyozi akaanza kuondoka, kakumbatia mzigo wake. Fundi akamwita.

"Ukitoka hospitali unawe mpaka viwiko, kisha uje kwangu. Nimechemsha viazi vitupu. Uingie, ukae, ule. Na ukikimbia mezani, leo najua unakokwenda."