Milimita Saba

Simu mbili zililia kwa mpigo mmoja ndani ya ukumbi wa chanjo, saa tatu kamili asubuhi, na watu wawili waliokaa viti jirani wakaruka kama walioketi juu ya siafu.

"Kopo langu!" akasema mwanamke.

"Kopo langu!" akasema mwanamume.

Wakatazamana juu ya barakoa. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwuguzi anaita namba, harufu ya spiriti imetanda, mzee mmoja anajifanya amesinzia ili zamu yake impite. Lakini hawa wawili walikuwa wameshasahau sindano. Nani mwingine duniani anategesha kengele saa tatu kwa ajili ya kopo?

"Wewe ni mpima mvua?" mwanamume akanong'ona, kama anayeulizia siri ya watu.

"Wa kundi la simu. Wananiita Sufuri."

"Sufuri ni wewe? Yule wa kila siku 'sufuri, sufuri, sufuri'?"

"Ulitaka nidanganye? Haijanyesha! Wewe nani?"

"Radi."

Mwanamke akacheka hadi barakoa ikamshuka puani. "Radi! Tangu masika yaanze umetutabiria ngurumo mara sita, na hata chafya ya wingu hatujaisikia."

Kisha akampigia simu shangazi yake nyumbani. "Shangazi, umeona nini?"

"Nimeona kopo."

"Ndani yake, shangazi!"

"Miwani sina, mwanangu. Nimetia kidole, kimetoka kikavu."

"Sufuri," akasema mwanamke, akaandika kiganjani. "Na kwako nani anapima?"

"Hakuna. Leo naweka kistari."

Ndiyo sheria ya kundi lao. Kopo la kupimia mvua husomwa saa tatu, si kabla wala baada. Asiyesoma huweka kistari, maana yake haikupimwa. Kubuni namba ni haramu kuliko kuiba.

Mwanamke alikuwa fundi cherehani. Siku hiyo alivaa gauni la bluu iliyopauka, rangi ya mbingu ikiwa haijaamua, na begani aliliwekea vifungo vitatu ili mwuguzi asihangaike. Mwanamume alikuwa fundi saa. Yeye alikuja na shati la mikono mirefu, limepigwa pasi likakakamaa, mkono haupandi kupita kiwiko. Alipoitwa ilibidi alivue lote mbele za watu.

"Radi, mbona umefumba macho?"

"Natafakari."

"Tafakari macho wazi basi, mwuguzi ameshamaliza zamani."

Ndivyo yalivyoanza, wajukuu zangu. Mapenzi hayabishi hodi mlango uliofagiwa.

Masika ya mwaka ule yalikuwa bubu. Mawingu yalikuja asubuhi, meupe, mazito, yakakaa juu ya mapaa kama wageni waliosahau kilichowaleta, na jioni yakaondoka bila kuaga. Kundi la wapima mvua, kwa kukosa mvua, likawa linazungumza chanjo tu. Nani mkono umemvimba, nani amelala siku mbili, nani anasema sindano ya pili ni kali kuliko ya kwanza. Na kila siku saa tatu na dakika tano, simu ya Sufuri ililia.

"Umepata ngapi, mpenzi?"

"Sufuri. Wewe?"

"Sufuri. Tujumlishe?"

"Wewe una wazimu," akasema, na sindano ya cherehani ikisimama katikati ya pindo. "Haya, kitendawili."

"Tega."

"Nikimngoja haji, nikianika nguo huyo mlangoni."

"Mvua! Hicho hata mtoto anakijua. Tega kingine."

"Hana mguu, lakini kila asubuhi anaingia chumbani kwangu."

Radi akafikiri. "Nimeshindwa. Chukua mji wowote upendao."

"Sitaki mji. Ni sauti yako, Radi."

Upande wa pili, saa zote za dukani zikagonga tik-tik-tik.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Sufuri hakulitania. Daftari la mvua halikuwa lake. Lilianzishwa na baba yake, miaka ishirini na miwili nyuma, na ndani yake hapakuwa na kistari hata kimoja. Siku mkewe alipojifungua, mzee alipima. Siku alipomzika mkewe, alipima, akarudi kukaa na waombolezaji. Korona ilimchukua yeye kabla chanjo haijafika. Kesho yake saa tatu, binti yake alitoka uani na macho yamevimba, akasoma kopo, akaandika.

Sindano ya pili walichomwa pamoja. Radi aliumwa mkono tu. Sufuri alishikwa na homa kali, kichwa kama ngoma, na asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa zamu ya shangazi kwenda kuchanjwa.

"Radi," akasema simuni, meno yakigongana, "siwezi kusimama. Nipimie."

Radi akafika mbio. Kitanda cha Sufuri kilikuwa chini ya dirisha la uani. Radi akainama juu ya kopo. Tupu. Ilikuwa siku ya arobaini na moja bila tone.

"Ngapi?" sauti ikatoka dirishani, nyembamba, kama ya mtoto anayeuliza kama baba amerudi.

Hapo moyo ukaudanganya mkono. Kando ya mlango palikuwa na ndoo. Radi akachota kidogo, akamimina, akapiga goti kusoma mstari. Hata katika uongo fundi saa alipima sawasawa.

"Milimita saba!"

"Saba? Radi! Kweli?"

"Saba, mpenzi. Lala sasa."

Sufuri akalia kwa furaha. Radi akaingia, akaandika saba kwa wino, chini ya sufuri arobaini. Sufuri akaituma kundini, akalala akitabasamu, na usingizini akasikia mvua juu ya bati, na baba yake akisogeza kiti karibu na mlango.

Alipoamka adhuhuri, homa imeshuka, simu ilikuwa imejaa ujumbe.

"Hongera, Sufuri," aliandika mwalimu mstaafu, kiongozi wa kundi, "lakini mimi niko mtaa wa nyuma yako, na kwangu hata vumbi halijatulia."

"Labda ni chanjo iliyonyesha," akadakia mwingine.

Sufuri akashika ukuta, akatoka. Nguo kambani kavu. Ardhi kavu. Akachungulia kopo. Akapiga simu.

"Radi, mvua ya sabuni inatoka wingu gani?"

Upande wa pili Radi akaiweka chini saa aliyokuwa akiitengeneza.

"Kopo lina povu. Ile ndoo ni ya kufulia."

"Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi! Ndiyo kinachoniuma. Kopo lilikuwa na nini kabla hujamimina?"

"Lilikuwa tupu. Sufuri, haki ya Mungu."

"Nitajuaje? Saba umeniapia, na sufuri unaniapia. Baba miaka ishirini na miwili, wewe nimekupa siku moja tu. Sasa hata sufuri yako siiamini."

Akakata.

Jioni ile Radi akaandika kundini, mbele ya wote: "Ile saba ni yangu. Nilimwaga maji ya ndoo. Sufuri hana kosa." Wakamcheka, wakamsema, mwalimu akamwambia apime lakini namba zake hazitahesabiwa kwa mwezi mzima. Radi akajibu, "Sawa, mwalimu." Kwa Sufuri hakuthubutu kupiga.

Siku kumi na nane zikapita. Saa tatu na dakika tano ilifika na kupita kama mtu asiyekujua. Sufuri alishona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja, akaifumua, akaishona tena.

"Mpigie," shangazi akasema.

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Hilo huwa linakuja lenyewe, mwanangu. Simu ndiyo haijipigi."

Kisha, alfajiri ya siku ya kumi na tisa, ikanyesha. Ikanyesha ile ya kweli, na radi juu yake. Watu wakaamka wakafungua madirisha wakanusa tu. Saa tatu Sufuri alisoma kumi na mbili. Kundi likawa sherehe. Tisa! Kumi na nne! Kumi na moja! Mchana, chini kabisa, likaja jina la Radi, na mbele yake kistari.

"Radi, ngurumo yako imefika, wewe ukasinzia?" wakamtania.

Sufuri alikiona kistari kile. Halafu akapiga.

"Kwako haikunyesha?"

"Ilinyesha." Sauti yake ilikuwa ya tahadhari, kama mtu anayebeba yai.

"Ngapi?"

"Sijui. Nilimpeleka mama kuchanjwa. Ameshakimbia mara tatu, leo nilimshika mkono mpaka mwisho. Nimerudi saa sita."

"Maji si yamo?"

"Yamo mengi tu. Lakini jua limeshayaramba, siwezi kujua yalikuwa mangapi saa tatu."

"Ungeandika kumi. Hakuna ambaye angejua."

"Mimi ningejua. Na wewe ungeuliza."

Mvua pekee ya masika yale, na Radi, aliyeitabiri hadi akawa kichekesho, ameikosa kwa mkono wake mwenyewe. Sufuri akafuta macho kwa kipande cha kitambaa chenye pini, akajichoma, akacheka.

"Njoo," akasema.

Radi alipofika, shati limelowa matope hadi mgongoni, Sufuri alimwekea daftari mezani. Ile saba ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja mwekundu. Kando yake, sehemu ya maelezo, palikuwa wazi.

"Andika wewe."

Radi akaweka kistari, cha kwanza katika daftari lile, kisha akaandika: *Haikupimwa kwa haki. Nilimimina maji kwa sababu nampenda, na kwa kumpenda nikamharibia.* Akatia sahihi yake.

"Anaandika barua huyo?" shangazi akauliza toka jikoni.

"Nimemaliza, shangazi," Radi akasema, akasimama. "Basi, Sufuri... niende?"

"Uende wapi? Kesho nina gauni la bibi harusi la kumaliza, sitaki kubanduka kwenye cherehani. Saa tatu uje unipimie."

"Bibi harusi gani?" shangazi akadakia.

"Wa mteja, shangazi!"

"Mimi nimeuliza tu."

Kesho yake mbingu ilikuwa safi. Cherehani ilikimbia juu ya kitambaa cheupe kilichomwagika hadi sakafuni. Nyayo zikapita nje, zikasimama penye kopo, na baada ya kitambo sauti ya Radi ikaja dirishani.

"Sufuri!"

Mwanamke akasimamisha mguu. Akachukua kalamu, akaandika duara moja la wino katika daftari la baba yake, akaendelea kushona bila kuinua shingo kuchungulia.